Haki ya Tumbo na Haki ya Ulimi

KAULI YA JUMA
Na Athumani Mwinyikondo

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa Temeke, ameniandikia barua ndefu yenye shauri dogo. Yeye, asema, tangu Jumamosi hadi Alhamisi hula ugali wa dona, mchicha, kunde na dagaa, hunywa maji, na huenda kazini kwa miguu. Lakini Ijumaa jioni, ujira wa juma ukiwa mfukoni, hupita kwa mkaanga chipsi wa mtaani kwake akala sahani ya chipsi mayai na mishkaki miwili, na kwa ajili ya sahani hiyo moja mkewe na shemeji yake, ambao wamejiunga na kundi la watu wafuatao ulaji wa namna mpya, humlaumu hadi Ijumaa nyingine ifike. Ataka nihukumu baina yao. Ukadhi si kazi yangu, na wazee walikwisha kutuasa kwamba ndugu wakigombana tuchukue majembe tukalime. Walakini shauri lenyewe ni pana kuliko nyumba moja, na madhali limo katika nyumba nyingi za mji huu, nitasema nilionalo.

Nionavyo mimi, sahani ya Ijumaa haina kosa. Kosa liko kwetu sisi wengine, ambao Ijumaa yetu imekuwa kila siku. Wazee wa pwani hawakuwa watu wa kujinyima, na mwenye kudhani kwamba utamu ni mgeni aliyeshuka bandarini juzi na akumbuke habari za Pangani, mji ambao katika miaka ya 1880 ulizungukwa na mashamba ya miwa, na Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Watu waliokula kaimati, visheti, mkate wa kumimina na pilau iliyong'aa kwa samli hawawezi kuhesabiwa miongoni mwa mawalii. Lakini kila kimoja kilikuwa na wakati wake: kaimati zilikuwa za Ramadhani, biriani ya arusi, bokoboko la Idi, na baina ya karamu na karamu palikuwa na muhogo wa kuchemsha, mbaazi za nazi, samaki wa kuchoma, na ule mchunga wenye uchungu ambao watoto wa siku hizi huutazama kwa hofu.

Wala tusiwasifu wazee kwa zuhudi ambayo hawakuwa nayo. Hawakujizuia, bali walizuiwa na kazi, kwa maana kila kitu kitamu kilikuwa na taabu iliyokizunguka kama uzio, na mwenye kukitaka ilimpasa auruke kwanza. Mtu hakupata mahamri ya asubuhi ila unga wake uwe umekandwa jana kwa tui na kuachwa uumuke. Hakupata vitumbua ila mchele uwe umerowekwa na kutwangwa. Na halua je? Aliyewahi kusimama kando ya mpishi wa halua, Wete au Lamu au Mombasa, ajua kwamba ile si kazi ya mtu mwenye haraka: karai pana limekaa juu ya moto, ndani yake wanga uliokorogwa kwa maji, na sukari, na samli, na mwiko mrefu usiopumzika kwa muda wa saa mbili na zaidi, kwa kuwa ukipumzika rojo hushika chini na kuungua, hata watu hulazimika kupokezana, kisha hutiwa iliki, kungumanga, zafarani na lozi, na lile rojo lililoanza likiwa jeupe huwa limegeuka kahawia iliyokolea, linavutika, na samli imeanza kujitenga pembeni. Baada ya kazi yote hiyo mgeni hukatiwa kipande cha kutosha vidole vitatu, akaletewa kahawa chungu katika kikombe kisichojaa kiganja, naye hula kidogo, hunywa kidogo, na huzungumza sana. Ndivyo ilivyo Maskati vilevile, hata leo.

Uzio huo umeanguka. Tazama kibanda cha chipsi jioni moja pale Kariakoo. Viazi, ambavyo huenda vilichimbwa Lushoto au Njombe, vimemenywa na kukatwa tangu adhuhuri, vimekaangwa mara ya kwanza vikaiva pasi na kukauka, vikalundikwa ndani ya kabati la kioo lenye taa. Mteja akitaja haja yake, mkaanga huvirudisha karaini, hupiga mayai mawili kwa uma ndani ya kikombe cha plastiki, hutia chumvi, huyamimina juu ya viazi katika kikaango kidogo, hubana kingo, hugeuza mara moja, na kabla mteja hajamaliza kuzungumza na simu yake, zege lake, kama zinavyoitwa mtaani chipsi mayai, liko mbele yake, limechomwa vijiti viwili, pembeni kachumbari ya kabichi na nyanya, na chupa mbili, moja ya tomato, ya pili ya pilipili. Ni chakula kitamu. Asemaye si kitamu ama anadanganya ama hajakila kingali moto. Lakini kimekuja kwa dakika chache, hakikumtoa mlaji jasho, na kesho kitakuwa pale pale, na kesho kutwa, na mtondo.

Mapenzi ya kiazi cha kukaanga yamefika mahali pa ajabu katika nchi zetu. Januari mwaka 2022, maduka ya KFC nchini Kenya yalipoishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake viliagizwa ng'ambo na shehena zilichelewa baharini, watu walihamaki hata wakaitana kuyasusa, wakiuliza vipi kampuni iagize kutoka mbali zao ambalo wakulima wa Kenya wanalo tele. Hoja yao ilikuwa ya haki. Ila nashuku kama yuko ambaye angehamaki nusu ya hivyo laiti mchunga ungetoweka sokoni.

Na aghalabu zege haliji peke yake, bali huandamana na soda baridi, na hapo ndipo mimi, ambaye nimekuwa mpole kwa kiazi, nauacha upole. Soda ya kola ya kawaida hubeba sukari ya gramu kumi na ushei katika kila mililita 100, basi chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35, ambazo ni vijiko vya chai vipatavyo 9. Ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilitaka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tupatazo kwa chakula, na likaona ni heri zaidi isizidi nusu ya hapo, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima kwa siku nzima. Mnywaji wa chupa moja amekwisha kuipita heri hiyo kabla hajaitia sukari chai yake ya asubuhi, na tumbo lake halina habari, kwa kuwa sukari ya kunywa haishibishi kama chakula cha kutafuna.

Liko jambo jingine ambalo wataalamu wamelithibitisha, nalo ni haraka. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenziwe wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitangaza jaribio lililofanyika Bethesda, jimbo la Maryland, ambamo watu 20 waliwekwa mahali pamoja kwa majuma manne, majuma mawili wakipewa vyakula vilivyosindikwa mno viwandani na majuma mawili vyakula vya kawaida vilivyopikwa, milo ya pande zote ikiwa imelinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu akaachiwa ale kadiri apendavyo. Walipokuwa katika vyakula vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku na uzito wao ukapanda kwa karibu kilo moja; katika vile vingine ukashuka kwa kadiri iyo hiyo; na ikaonekana kwamba chakula cha kiwandani walikila upesi zaidi. Sasa, zege la Kariakoo si chakula cha kiwandani, kwa kuwa kiazi chake ni kiazi na yai lake ni yai, lakini soda na tomato yake ni vya kiwandani, na mwendo wake ni ule ule wa haraka, mtu amesimama, jicho likiwa kwenye simu, tofauti kabisa na sinia la wali ambalo mlaji hulazimika kumngoja mwenziwe na kuona haya kuvuka upande wake.

Nije kwa shemeji. Yeye na wenziwe nawapa haki yao, kwa kuwa maradhi ya kisukari na shinikizo la damu hayana mzaha, na nyumba iliyopunguza mafuta haijakosea. Lakini wamefanya jambo ambalo hata dini haikulifanya: wamekihukumu chakula halali kwa haramu, na mlaji wake kwa ufasiki. Qurani, katika Sura ya al-A'raf, imeruhusu kula na kunywa na ikakataza israfu, na katika Sura iyo hiyo imewakemea wanaojiharimishia vizuri alivyowapa Mola wao; na hadithi aliyoipokea Tirmidhi imemgawia mlaji tumbo lake mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Hakuna fungu la lawama. Nami nimeona mara nyingi kwamba mtu aliyejiapiza asionje kitu kitamu hata kimoja ndiye akutwaye usiku jikoni, taa imezimwa, akimaliza pakiti ya biskuti za watoto, na asubuhi yake akawa mkali zaidi kwa wengine.

Basi ulimi una haki yake, na aliye mzima wa siha autimizie kwa adabu. Chipsi na iliwe kwa kukaa, na mwenzi, moto, na kachumbari nyingi, na maji badala ya soda. Na mlaji asione haya kumwuliza mkaanga mafuta yale yamewekwa lini, kwa maana mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, yanayotoa moshi kabla ya kiazi kuingia, yamechoka, na kumhurumia mkaanga si sababu ya kuyala. Watoto nao tuwape vitu vitamu kwa furaha ya siku yake, tusiwape kuwa malipo ya kunyamaza au ya kumaliza mboga, kwani mtoto afundishwaye kwamba mchicha ni adhabu na biskuti ni thawabu ataishika hesabu hiyo hata akiwa mzee. Ama mgonjwa, kadiri yake iko kwa tabibu wake, haiko kwa mwenyeji. Na tabia yetu ya kumshikilia mgeni mwenye kisukari, tukimbembeleza kwa viapo aonje japo kidogo ili tusivunjike moyo, naiona kuwa ukarimu usio na huruma.

Yuko hata hivyo mtu ambaye mazungumzo yote haya kwake ni ya watu wenye wasaa. Ni kijana wa bodaboda, au mpakuzi wa mizigo sokoni, au mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja kisicho na jiko, ambaye hununua mkaa kwa kopo na hufika nyumbani saa tatu za usiku. Kwake chipsi si anasa ya Ijumaa, ni chajio cha kila siku, na ukimwambia ale mara moja kwa juma huna budi umwonyeshe aendako siku sita zilizobaki. Mchana hana taabu: mama lishe yuko, na sahani yake ya wali na maharage, mchicha, kipande cha samaki na tonge la kachumbari, ambayo mara nyingi hailizidi bei zege lenye mishkaki, ni mlo ambao hakuna tabibu atakayeutia dosari kubwa. Lakini sufuria za mama lishe hukauka alasiri, naye hufunga mizigo yake akaenda kupika kwake, na usiku ukiingia taa inayobaki barabarani ni ya kabati la chipsi. Vijana wetu wengi hawakuichagua chipsi kwa kuipenda kuliko maharage. Waliikuta peke yake.

Hapa ndipo ningependa wakuu wa manispaa, ambao watu wao tumewaona wakiwafukuza wauza vyakula na kuwamwagia sufuria, watie mkono wao kwa namna nyingine. Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyotengenezwa upya kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa mwaka 2009, huwa na taa na wauzaji waliopangwa kila jioni, na hapo mtu huona urojo na vitu vya kukaangwa vimekaa bega kwa bega na samaki wa kuchoma, muhogo na maji ya miwa, akachagua. Sisemi kila kata ijengewe Forodhani yake. Nasema pale penye stendi na penye soko, pawepo mahali pamoja penye taa, bomba la maji na paa, ambapo mama lishe wawili watatu wataruhusiwa kupika hadi saa nne za usiku bila kukimbizwa, na ushuru wao usizidi wa mwenye kabati la kioo.