Sadaka kwa Jasho la Wengine

Wako walimu wa historia, na baadhi yao ni rafiki zangu, wanaofundisha kwamba wafalme wa India wa mwanzo wa zama za kati walikuwa wakarimu kupindukia. Ushahidi wao ni mabamba ya shaba. Mfalme alipompa Mbrahmini shamba, au alipowapa watawa wa Kibudha kijiji kizima, hati ilichongwa juu ya mabamba hayo, na mara nyingi yakatobolewa, yakaunganishwa kwa pete ya shaba, yakatiwa muhuri. Basi tazameni, husema, mkono ulivyokuwa wazi! Nami nilifundisha hivyo hivyo, na walimu niliowafunza wakaenda kuwafundisha watoto. Leo nasema tulikosea, na sioni haya kusema.

Tulikosea kwa sababu tulisoma mwanzo wa hati tukaishia hapo. Mwanzo ni sifa tupu: mfalme ni shujaa, na babu zake waliwatetemesha maadui. Katika mabamba makubwa ya Wachola, kule kusini, sifa hizo zimo katika Kisanskriti, na mipaka ya ardhi imeandikwa kwa Kitamili, lugha ya watu wa pale. Nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nimepokea nyaraka nyingi za wakubwa. Najua kwamba amri haikai kwenye salamu.

Hebu tuchukue hati ya Chammak, ya mfalme Pravarasena wa Pili wa ukoo wa Vakataka, karne ya 5. Anakitoa kijiji kiitwacho Charmanka kwa Wabrahmini 1,000. Kisha yanafuata masharti. Askari wasiingie kijijini. Watumishi wa mfalme wakiwa safarini wasidai malisho, wala ngozi za kukalia, wala makaa. Uchimbaji wa chumvi usiwe wa mfalme tena. Kazi za shokoa zisidaiwe. Hazina zilizofukiwa ardhini ni za waliopewa.

Rafiki zangu huita hayo misamaha. Mimi nauliza: ngozi na makaa hayo yalikuwa yakitolewa na nani hadi siku ile? Hakuna mfalme anayesamehe mzigo usiokuwapo. Orodha hiyo ndiyo picha iliyo wazi kuliko zote ya yale aliyoyabeba mkulima, na katika vijiji ambavyo havikutolewa aliendelea kuyabeba. Tena aliyesamehewa ni mwenye hati.

(Hati hiyo hiyo inawataka hao Wabrahmini wasimwasi mfalme, wasiibe, wasizini, wasipigane vita, wala wasidhulumu vijiji vingine, wakifanya hayo mfalme akitwaa ardhi hatahesabiwa mwizi. Mtu humkataza mwenzake lile analolihofia.)

Ikiwa bado kuna shaka, tazama bamba la Madhuban la mfalme Harsha, la mwaka 631. Kijiji cha Somakundaka kilikuwa mikononi mwa Mbrahmini aitwaye Vamarathya, na ikagundulika kwamba hati yake ilikuwa ya kughushi. Mfalme akaamuru ivunjwe, akakitwaa kijiji, akawapa Wabrahmini wengine wawili. Wanakijiji wakaagizwa watii, na wawapelekee hao wawili mafungu ya mazao, kodi, dhahabu na utumishi. Hayo ndiyo yaliyomo katika sadaka. Mfalme hakutoa ng'ombe wake wala nafaka ya ghalani mwake. Alitoa haki ya kukusanya kile ambacho mtu mwingine angekilima.

Najua nitajibiwa. R. S. Sharma alipoandika mwaka 1965 kwamba hati hizi zilizaa ukabaila wa Kihindi, wengi walimpinga. Mwaka 1981 Harbans Mukhia alieleza kwamba mkulima wa India alikuwa na uhuru katika kilimo chake ambao mtwana wa Ulaya hakuwa nao. B. D. Chattopadhyaya naye aliziona hati hizi kuwa dalili ya tawala mpya zilizokuwa zikijengwa mikoani, badala ya dalili ya kuporomoka. Hoja hizo ni nzito na sina nguvu za kuzing'oa. Nakubali pia kwamba ardhi nyingine iliyotolewa ilikuwa pori, na kwamba waliopewa walieneza kilimo na elimu. Neno "ukabaila" nitaliacha, wakitaka. Lakini amri ya kutii na kupeleka mazao imo ndani ya shaba, hata tukiupa utawala ule jina gani.

Rafiki yangu mmoja alinikemea kwamba nayadai mabamba yaseme jambo ambalo hayakuchongwa ili kulisema. Ni kweli, nayadai. Wale wawili waliopewa Somakundaka wameandikwa majina yao, koo zao, na hata Veda ambayo kila mmoja aliisoma. Vamarathya mghushi naye jina lake limedumu karibu miaka 1,400, kwa kuwa tu alinyang'anywa. Waliolima kijiji kile chini yake, kisha chini ya wale wawili, hakuandikwa hata mmoja wao. Wametajwa kwa jumla tu, pale wanapoamriwa. Mwalimu anayepita mahali hapo bila kusimama hajaisoma hati.