Papai la Mwaka 2020 Bado Linatudai Majibu

Ndugu zangu mlio ughaibuni, mtanisamehe nikirudi kwenye papai.

Tarehe 3 Mei 2020 Rais Magufuli alitangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kwa siri maabara ya taifa, zikiwa na majina ya watu, na majibu yakatoka kwamba zina korona. Siku ile ile tukagawanyika. Wapenzi wake wakasema, mnaona, vipimo vya mabeberu hivyo! Wapinzani wake wakacheka, wakamaliza. Waliokaa chini wakauliza maswali walikuwa wachache mno.

Na maswali yalikuwepo. Kuijaribu maabara kwa sampuli za mtego si ujinga hata kidogo. Lakini mwenye kujaribu huweka hesabu mezani: zilipelekwa ngapi, zilikosewa ngapi, nani alizichukua, na je, maabara nyingine ilizipima upya? Sampuli huweza kuchafuliwa njiani. Na hata tukikubali kwamba mashine ilikosea, basi tumejua mashine ni mbovu, hatujajua kwamba ugonjwa haupo. Hapo ndipo wengi waliporuka, kutoka papai mpaka "korona hakuna", bila kukanyaga chini.

Mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi, tume ikaundwa, na takwimu, zilizokuwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21, zikafungiwa kwa zaidi ya mwaka mzima.

Sisi wa nje nasi tusijitoe. (Tunapenda sana kujiona ndio tulioamka.) Takwimu zilipokosekana, video moja ya mazishi ya usiku ikatosha kuwa ushahidi wa maelfu ya maiti. Imepigwa wapi? Lini? Na nani? Mwenye kuuliza aliitwa kibaraka wa CCM. Wengi waliiamini kwa kuwa ilimkomoa mtu wasiyempenda, na sioni tofauti yao na wale wa papai.

Hasara yake niliiona Julai 2021, zilipofika Tanzania dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Johnson & Johnson, na Rais Samia akachanjwa hadharani. Shangazi yangu, mgonjwa wa kisukari, alinipigia simu kuuliza aende au asiende. Nikamwambia nenda. Akanijibu: "Mwanangu, ndugu yako wa Marekani kanitumia video ya daktari anasema chanjo inaua. Rais aliyepita alituambia chanjo hazifai, huyu wa sasa kachanjwa. Na wewe unasema niende. Nishike la nani?"

Nilimwambia asishike la yeyote kati yetu, amuulize mganga wa zahanati anayempa dawa za sukari kila mwezi, maana huyo anamjua mwili wake na kesho akikosea atamkuta pale pale. Alichukua wiki sita kwenda kuuliza. Wiki sita, na umri wake ule, na sukari ile.