Stendi ipimwe kwa mwili wako, si kwa tangi peke yake (Uzi wa tangi la matumbawe, sehemu ya 4)

Haya ndugu zangu, tuendelee. Sehemu tatu zilizopita tuliongelea maji ya chumvi, taa na pampu, na wote mlikuwa wapole. Nilipogusia tu kwamba zamu inayofuata ni ya stendi, inboksi ikajaa. Kaka mmoja akaniandikia, kwa heshima zote, "Sista, mbao tuachie sisi, wewe kaa na sindano zako." Nilicheka sana. Lakini huyu sista wa sindano ndiye anayempokea aliyekatwa na msumeno, aliyeteguka mgongo akibeba ndoo, na mtoto aliyeonja kitu alichokikuta kabatini. Kwa hiyo kwenye mbao nina neno.

Neno lenyewe ni hili. Stendi ya tangi la matumbawe si fanicha. Ni kitanda cha mgonjwa mzito ambaye hatashuka kwa miaka 10. Na kama umeamua kutengeneza ya kwako badala ya kununua, basi ipime kwa watu wa nyumba yako. Vinginevyo sioni faida ya kuhangaika na vumbi la mbao.

Tuanze na uzito, maana hapo ndo watu wanajidanganya. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 60 kwa 60, saizi ambayo wengi wenu mnaiota. Hizo ni lita 432. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji baridi, lita moja ina kama kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake ni karibu kilo 440. Kioo cha milimita 12 kinaongeza kilo 85 hivi. Weka mawe, mchanga, tangi dogo la chini lenye pampu, na stendi yenyewe: unapita kilo 600 bila jasho. Hao ni watu wazima karibu 9 wamesimama pamoja kwenye eneo dogo kuliko kitanda cha mtoto, usiku na mchana, hawaendi hata chooni. Sasa niambie kama kabati la TV la mbao za unga uliogandishwa lilitengenezwa kwa hilo. Nimeona moja kwa macho yangu kwenye nyumba ya watu. Kona iliyopata maji ilikuwa imevimba kama mguu wa mgonjwa wa moyo, na mwenyewe alikuwa ameifunika na kitambaa cha kufumwa. Samaki wanapepea juu, raha mustarehe.

Mimi naishi Ohio, na nyumba nyingi huku zina sakafu ya mbao juu ya mihimili. Sakafu ya kuishi watu huku kwa kawaida inasanifiwa kubeba pauni 40 kwa kila futi ya mraba, yaani kama kilo 195 kwa mita ya mraba. Tangi letu linakalia mita 0.72 tu. Piga hesabu mwenyewe. Haimaanishi utatumbukia kesho, kwa sababu hesabu hiyo ni ya sakafu nzima na chumba chote hakijai watu. Lakini inamaanisha usiliweke katikati ya sebule. Liweke kando ya ukuta wa nje, likatize mihimili, ili mihimili mitatu minne igawane mzigo badala ya mmoja kuubeba wote. Mwenye besimenti ya zege ana bahati. Nanyi wa Dar na Mombasa mnaokaa nyumba ya chini yenye zege, hili mnaweza kuliruka. Wapangaji wa ghorofani msiliruke, na kama unataka tangi kubwa kuliko hili, muulize mhandisi kabla hujamuuliza fundi.

Sasa stendi yenyewe.

Kosa ninaloliona zaidi ni watu kudhani unene ndo nguvu. Mtu ananunua magogo, anapiga skrubu 80, kitu kinakuwa kizito kama mlango wa ngome, halafu ukikisukuma kwa kidole kinayumba. Angalia mwili wako. Uzito wa kichwa unashuka kwenye uti wa mgongo, nyonga, mapaja, nyayo. Mfupa unakalia mfupa. Kano hazibebi uzito huo, kazi yake ni kuzuia mifupa isihame. Stendi ni vilevile. Mbao ya juu ikalie nguzo, nguzo ikalie mbao ya chini, ya chini ikalie sakafu. Skrubu na gundi ni kano tu. Ukiona mbao ya juu imening'inia pembeni ya nguzo kwa skrubu peke yake, kilo 600 zinaning'inia kwenye vyuma vyembamba kama penseli ambavyo vitakutana na maji ya chumvi. Mrudishe fundi.

Ngozi ya stendi ni plaiwudi. Gundi na skrubu plaiwudi mgongoni na ubavuni, na kuyumba kunaisha, maana fremu tupu ya mstatili ni rahisi kulala upande. Watu wanaiacha wazi ili waya zipite. Toboa matundu ya waya, usiiache.

Na mbao mlalo isimamishwe kwa ubavu wake. Mbao ya mbili kwa nne ya huku, ambayo ukiipima ni milimita 38 kwa 89, ukiisimamisha inakuwa ngumu kupinda zaidi ya mara 5 kuliko ukiilaza. Mbao ni ile ile, bei ni ile ile. Urefu usiobebwa nao una deni lake: ukizidisha nafasi kati ya nguzo mara mbili, kwa mzigo ule ule mbao inapinda mara 8. Wazee wetu wa pwani hili walilijua bila kikokotoo. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Hukuwapata wakilazimisha ukumbi mpana ili mgeni asifie. Kwa tangi la sentimita 120 bila nguzo ya katikati mimi nataka mbili kwa sita mbele na nyuma, na sibishani na mtu. Mbao haivunjiki ghafla, inazama taratibu mwaka hadi mwaka.

Kuzama huko ndo kunakoua kioo. Manesi wenzangu mtanielewa haraka: mgonjwa hapati kidonda cha mgandamizo kwa sababu ni mzito, anakipata kwa sababu uzito umelala sehemu moja, kisigino au mfupa wa kiuno. Kioo nacho hivyo hivyo. Kibebeshe kilo 500 zikiwa zimesambaa, kitakaa miaka. Mweke juu ya kichwa cha skrubu kilichochomoza milimita 2, umempa kidonda. Juu ya stendi pawe tambarare kabisa, upitishe rula ndefu na mwanga usipenye chini yake. Kama sakafu imeinama, kabari ziingie chini ya stendi, kamwe si chini ya tangi. Tangi lenye kioo kitupu chini linataka mkeka wa sponji ngumu. Lile lenye fremu ya plastiki linakalia kingo zake na halihitaji mkeka. Mkichanganya hayo mawili msiniite.

Kuhusu aina ya mbao nitakuwa mfupi. Paini kavu iliyonyooka inatosha. Mninga au mkongo ukiupata ni uzuri wa macho, ila ni pesa. Ninayoikataa ni ile mbao ya kijani iliyotiwa dawa ya mchwa. Dawa hizo mara nyingi zina shaba, na shaba ni sumu kwa matumbawe na kwa kamba hata kidogo tu. Isitoshe inauzwa ikiwa mbichi, itakauka ndani ya nyumba yako na kupinda. Paka ndani ya kabati rangi isiyopitisha maji, sakafu ya kabati ipake zaidi, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chumvi inatambaa. Utaifuta leo, kesho umeikuta kwenye bawaba. Na unapokata na kupiga msasa, vaa barakoa ya maana. Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya pua. Mafundi wetu wa Keko na Buguruni wanafanya kazi wamejifunga leso, au hawajajifunga kitu, na hakuna anayewaambia.

Tumefika ninapopataka: mwili wako.

Stendi za dukani zilizotengenezwa na mwenye tangi si mbaya, nyingi zinabeba vizuri. Tatizo lake ni kwamba zimepimwa kwa mtu ambaye si wewe. Stendi ya sentimita 90 ukiweka tangi la 60, ukingo wa juu uko mita moja na nusu. Mimi na urefu wangu wa mama wa Kihaya, kwapa langu halifiki hapo. Kugusa mchanga itabidi nipande kigoda, sakafu imelowa, mkono mmoja ndani ya maji, juu yangu taa ya umeme. Hivyo ndo watu wanavyovunjika nyonga. Kwa hiyo kabla fundi hajashika msumeno, muite mtu mfupi kuliko wote atakayelihudumia tangi, mara nyingi ni mama, asimame, anyooshe mkono, na kimo kitoke hapo. Baba mrefu atainama kuangalia samaki. Kuangalia hakuumizi mtu.

Na usafi wa kila wiki? Ukibadilisha asilimia 10 tu, hizo ni ndoo mbili za lita 20, kila moja na kilo zake 20 na ushee. Sisi manesi tunafundishwa kumwinua mgonjwa kwa magoti na bado migongo inatuuma. Acha nafasi ndani ya stendi au pembeni yake pampu ndogo ikae, maji yapande yenyewe kwa bomba. Mlango nao uwe mpana kuliko tangi la chini, maana siku litakapopasuka utataka kulitoa, na wengi wanalifungia ndani kama maiti kaburini.

Umeme usiwekwe chini. Ekstensheni ifungwe ubavuni juu, ndani ya kijisanduku kikavu, na kila waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, tone la maji lidondoke pale lilipojikunja badala ya kuufuata waya hadi ndani. Kuna soketi zenye kikata umeme cha usalama. Za huku zinakata umeme ukivuja kama miliampea 5. Kwetu zilizozoeleka ni zile za ubao mkuu zinazokata kwa 30. Tangi la maji ya chumvi bila kifaa hicho nyumba yangu haliingii. Ngozi iliyolowa inapitisha umeme kirahisi, maji ya chumvi yanapitisha kuliko ya bomba, na moyo hauhitaji mwingi kupoteza mdundo wake. Nimeshiriki kuurudisha mdundo huo kwa watu kadhaa. Haurudi kila mara.

Halafu kufuli. Najua mnaona haya, milango mizuri ya mninga halafu kufuli la watoto. Lakini angalia mnachohifadhi humo. Wengi wenu mnawapa matumbawe maji ya chokaa ili yapate kalisi. Ni chokaa ile ile ya tambuu ya bibi, na kwa sababu bibi aliila tunaidharau. Bibi alipaka chembe kwenye jani. Chupa yako ina unga wa kilo nzima, na maji yake yana pH ya zaidi ya 12. Yakiingia kwenye jicho la mtoto au kwenye koo lake yanachoma, na koo lililochomwa linaweza kuziba linapopona. Mtoto wa miaka miwili kimo chake kinalingana sawasawa na mpini wa mlango wa stendi. Huyo naye apimwe kabla fundi hajakata. Hata akining'inia kwenye mlango, stendi isitikisike, na hilo utalijua kwa kuuning'inia wewe kwanza.

Wa Dar mnaoniuliza kama mnaweza kwenda kuchota matumbawe Mbudya: hapana jamani, ile ni hifadhi ya bahari. Nunueni vipande vilivyokuzwa.

Ikiisha kupakwa rangi, iache ikauke mpaka harufu iishe. Kisha iweke mahali pake, weka tangi, ujaze maji ya bomba matupu, bila chumvi, bila samaki. Piga pimamaji siku hiyo, andika kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango kama chati ya mgonjwa. Rudia kesho yake, rudia baada ya wiki. Kama povu la pimamaji limehama, mwaga maji, rekebisha, anza upya. Fundi akikushangaa unamwagia maji kitu kipya halafu unayatoa, mwambie ni agizo la nesi.

Sehemu ya 5 ni matumbawe yenye sumu na aina za glavu. Nina shifti tatu za usiku mfululizo, kwa hiyo msiniulize kabla ya Jumapili.