Tangazo la Nyumba ya Kitale

Mama mmoja mjane ametuletea tangazo la mezoneti aliyoiacha marehemu mumewe huko Kitale. Dalali ameandika: nyumba ya kifahari, karibu na mji. Karibu kwa mwendo gani? Vyumba vingapi chini, vingapi juu? Choo cha chini kipo, kwa mzee asiyeweza ngazi? Paa je, maana mvua ya Kitale si ya mchezo? Akakiri kuwa linavuja. Nalo liandikwe, tukamwambia. Mnunuzi atokaye Bungoma akijionea mwenyewe yaliyofichwa, hata bei haulizi tena. Kisha tukauliza hati ina jina la nani. Akainama. Bado ni la marehemu, na mayatima wana fungu lao humo. Tumemuelekeza kwa Kadhi kwanza, tangazo lingoje.