Mashine Inapojaza Kimya

Saa moja ya mahojiano humla mnukuzi saa nne, pengine sita. Ndiyo maana Whisper, programu ya bure ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, ilipokewa kwa shangwe na watafiti. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti zilizokusanywa intaneti. Sauti ya Kiswahili iliyoambatana na maandishi yake? Haikufika hata saa 10.

Uhaba huo huzaa makosa ya wazi: sentensi isiyo na kichwa wala miguu, nayo humlazimisha msomaji kurudia rekodi. Kosa la kuogopwa ni lile lililonyooka. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Allison Koenecke wa Chuo Kikuu cha Cornell waliijaribu Whisper kwa rekodi za Kiingereza. Takriban asilimia 1 ya vipande vilirudi na maneno ambayo hakuna aliyeyatamka, mengine yakihusu ukatili. Wenye afasia, ambao husita sana wakitafuta maneno, waliathirika zaidi.

Kwa kumbukumbu za kikao cha harusi, asilimia 1 si kitu. Lakini mjane akiulizwa shemeji zake walilichukuaje shamba, hunyamaza kwanza, na urefu wa kunyamaza kwake ni sehemu ya jibu. Gail Jefferson, mchambuzi wa mazungumzo aliyenukuu mihadhara ya mwanasosholojia Harvey Sacks huko California, alibuni alama za kuandika vituo vya namna hiyo hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Hapo ndipo mashine inaweza kuchomeka sentensi safi kabisa.

Wanaotaka ipigwe marufuku nao wasijidanganye. Wasaidizi wa utafiti, wanaolipwa kidogo na kusahaulika hata kwenye shukrani, wakichoka nao hukisia. Heri mashine itoe rasimu, kisha mtafiti mwenyewe aisikilize rekodi yote, na tasnifu itaje aliyehakiki. Msimamizi asiyeuliza hilo anapitisha data asiyoijua.

Kuna pia suala la sauti yenyewe. Whisper huweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya mtafiti bila intaneti. Huduma nyingine huipeleka rekodi kwenye seva za mbali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ilitunga yake ya taarifa binafsi mwaka 2022. Fomu ya ridhaa inayomwahidi mhojiwa usiri haina budi kumwambia pia sauti yake itapitia kwa kampuni gani.