Mwenyekiti asishike ufunguo

Hapa Muheza, ukianza tu kuzungumzia kikundi cha kuweka na kukopa, kuna mtu atakukatisha: "Watakula hela zetu hao." Anayesema hivyo huonekana mjanja, mtu aliyeona mengi, na anayejiunga huonekana mshamba. Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na sasa ni katibu wa kikundi. Kauli hiyo nimeisikia kwa wakulima wa machungwa, kwa vijana wa bodaboda, hata kwa walimu wenzangu. Nataka kuijibu kwa heshima, kwa sababu haikuzuka hivi hivi.

Wazee wanakumbuka mwaka 1976, Serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika, vingine vikiwa na mizizi mirefu kama KNCU ya Kilimanjaro iliyoanza mwaka 1933. Sheria ya 1982 ilipovirudisha, mkulima alikuwa ameshajua kwamba chama anachokiita chake kinaweza kuondolewa bila yeye kuulizwa. Wa umri wa kati wanaikumbuka taasisi ya DECI, watu walivyomiminika "kupanda mbegu" wakingoja kuvuna maradufu, hadi Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Na mitaani hakukosekani kisa cha kijumbe wa upatu aliyehama usiku. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa kwenye kikundi ambacho mweka hazina alikaa na sanduku, ufunguo na daftari, vyote nyumbani kwake. Siku ya kuvunja sanduku ilipofika, daftari lilikuwa limelowa mvua na hela haikutimia. Kama aliiba, hatukuweza kuthibitisha. Kama hakuiba, yeye naye hakuwa na cha kujitetea nacho. Tulitawanyika tukiwa maadui, na wengine hawasalimiani mpaka leo.

Kwa hiyo simlaumu mwenye wasiwasi. Ninalolikataa ni pale anapotoka kwenye "tuliibiwa" na kufika kwenye "binadamu haaminiki". Ukisema tuliibiwa, unalazimika kuuliza ilikuwaje: nani alishika nini, nani aliona, nani hakuona. Ukisema binadamu haaminiki, hakuna tena cha kuuliza, na mwizi mwenyewe anakuwa amefichwa ndani ya ubinadamu wa wote.

Halafu angalia anakokwenda huyo asiyemwamini jirani. Mtoto akiugua usiku, au ada ikidaiwa, hela lazima itafutwe. Ataingia kwenye mikopo ya kausha damu, ataacha kadi ya benki kwa mtu asiyemjua kwao. Au ataifungua simu yake kwa programu ya mikopo ya mtandaoni, ichukue majina ya ndugu zake wote, na siku akichelewa kulipa watumiwe ujumbe wa kumdhalilisha. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mtu aliyekataa kuweka Sh2,000 mbele ya majirani zake amekabidhi jina lake na la mama yake kwa watu asioweza hata kuwatafuta. Hilo linaniuma kuliko wizi wa mweka hazina.

Utaratibu tunaoufuata kwenye kikundi chetu cha sasa haukubuniwa hapa. Ulianza mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini huko Maradi, nchini Niger, kupitia shirika la CARE, na wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma wala kuandika. Zanzibar uliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na mradi ulipoondoka, vikundi viliongezeka badala ya kufa. Nalitaja hili kwa makusudi. Tumezoea kuona mradi ukifungwa na kila kitu kikifungwa nao. Utaratibu huu uliendelea kwa sababu wanachama wenyewe hawakuhitaji mtu wa nje wa kuwahesabia.

Tunakutana barazani, kwa mwanachama mmoja, kila Alhamisi alasiri. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu wanaoishi mitaa tofauti, na hakuna hata mmoja wao aliye kwenye uongozi. Mtunza sanduku analala na sanduku asiloweza kulifungua. Washika funguo wana funguo za sanduku wasilo nalo. Mwenyekiti hana ufunguo. Mimi katibu sina. Kabla kufuli hazijaguswa, mwanachama yeyote anayenyooshewa kidole lazima aseme mkutano uliopita tulifunga na shilingi ngapi. Akikosea, mwingine anasahihisha. Ndipo sanduku linafunguliwa, wahesabu fedha wawili wanamwaga hela kwenye bakuli na kuihesabu kwa sauti, noti baada ya noti, na ile tarakimu iliyotajwa kwa kichwa inakutana na ile iliyo kwenye bakuli. Hisa zinanunuliwa kwa kuitwa namba: moja, mbili, mpaka tano kwa mkutano mmoja, na kila hisa ni mhuri mmoja kwenye kitabu cha mwanachama. Asiyenunua zote tano, nafasi zilizobaki zinakatwa kwa mstari hapo hapo, ili asije mtu akaongeza mhuri usiku. Mkopo haupiti mara tatu ya hisa za mtu. Mfuko wa jamii, wa misiba na magonjwa, una bakuli lake, na tarakimu yake inatajwa peke yake kabla ya kufunga, watu wote wakiirudia.

Mgeni akitukuta anadhani ni kupoteza muda. Wasomi ndio wanaolalamika zaidi, wanasema si kuna daftari? Daftari lipo, ninaliandika mimi. Lakini daftari linanifanya mimi niaminike, wakati ile sauti ya kuhesabu inamfanya kila mtu awe shahidi.

Kuna dada mmoja anayeuza machungwa barabara kuu, pale mabasi ya Tanga yanaposimama. Alipojiunga alikaa nyuma kabisa. Tulipompendekeza kushika ufunguo alikataa mara moja: "Mwalimu, mimi hesabu zilinikataa tangu shuleni, msije mkaniletea balaa." Nilimwuliza abiria akinunua machungwa ya Sh1,500 akatoa noti ya elfu kumi, basi likiwa linaondoka, chenji anampa ngapi. Alinijibu kabla sijafunga mdomo. Nikamwambia hiyo ndiyo hesabu. Hakuamini, lakini ufunguo akauchukua. Baada ya kusikia hela ikihesabiwa mbele yake mkutano kwa mkutano, alianza kutaja jumla kabla wahesabu hawajamaliza. Mzunguko uliofuata alichaguliwa mhesabu fedha. Siku moja tulipungukiwa na shilingi elfu moja, na watu wakaanza kutazamana. Aliomba kila mtu anyamaze, akarudia kuhesabu, akazikuta noti mbili zimegandana. Hakufurahia kwa makelele. Alizitenganisha, akazinyoosha juu ya goti na kuendelea.

Huyu dada ndiye anayenifanya niamini kwamba kutowaamini wenzetu na kutojiamini wenyewe ni ugonjwa mmoja. Ukimsikiliza vizuri mtu anayesema "watakula hela zetu", mara nyingi sentensi ya pili itakuwa "sisi Waswahili ndivyo tulivyo". Amewahukumu wenzake, na yeye mwenyewe amejiweka humo humo. Na mtu hajengi kujiamini kwa kuambiwa semina nzima kwamba anaweza. Anajiamini siku anapopewa kazi yenye uzito halisi, mbele ya watu, kwenye utaratibu unaomlinda asizame akikosea. Yule dada hakusifiwa na mtu. Alikabidhiwa ufunguo.

Najua vikundi bado vinakufa, na vingine vina sanduku lenye kufuli tatu na funguo zote zipo kwa mwenyekiti, eti kwa usalama. Hicho ni kiini macho, na ni kibaya kuliko kutokuwa na kufuli kabisa. Najua pia sanduku lenyewe linaanza kupitwa na wakati. M-Koba, huduma ya vikundi kuweka akiba kwa simu, ilipoanza mwaka 2019, vikundi vingi vilihamia kwenye simu, na kwa hofu ya wezi wa kuvunja nyumba ninawaelewa. Hela haitoki bila viongozi zaidi ya mmoja kuidhinisha, na ujumbe unamfikia kila mwanachama. Lakini nimeona pia vikundi vilivyoacha kukutana kwa sababu simu inatosha. Bibi asiyesoma ujumbe, ambaye zamani alikuwa akiijua jumla ya mfuko kwa kichwa, sasa anamwuliza mjukuu, na mjukuu anamjibu akipenda. Wanaohamia kwenye simu wahame, ila wakutane, na salio lisomwe kwa sauti mpaka kila mmoja alirudie.

Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vyetu vinasajiliwa kupitia halmashauri, na halmashauri hizo hizo ndizo zinazotoa mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nawaomba maofisa maendeleo ya jamii wasiishie kwenye katiba, muhtasari na picha ya viongozi. Makaratasi hayo hata kikundi hewa kinayo. Waje siku ya mkutano bila taarifa, wamchague mwanachama aliyekaa nyuma kabisa, wamwulize mfuko wa jamii una shilingi ngapi leo. Asipojua, waulize funguo ziko kwa nani.