Mshitakiwa na Wakili

Je, ni haki mtu maskini asimame peke yake mahakamani? Mimi nasema si haki. Anayemshitaki anajua sheria. Yeye anajua jembe. Anasomewa shitaka la wizi. Anajibu, "Ni kweli, nilikuwapo." Hakuiba, lakini neno "ni kweli" laweza kuandikwa kuwa amekiri kosa. Atafungwa.

Mwaka 2017 Tanzania ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria. Hakimu akiona mshitakiwa hana uwezo, na haki inataka asaidiwe, huagiza apewe msaada bila malipo. Wangapi kijijini wanajua? Naona hakimu amweleze kila mshitakiwa mapema, kabla hajajibu shitaka. Asipokueleza, omba mwenyewe: "Mheshimiwa, sina fedha za wakili. Naomba msaada wa kisheria."